Rangi Hafifu Haisitiri Kitu

Ukitaja vikombe vya kuchapwa hapa Dar es Salaam, anayekusikiliza anaona kichwani sura ya mtoto anayetimiza mwaka, bwana na bibi harusi, au nembo ya Simba na ya Yanga. Vikombe hivyo ndivyo vinavyolipa kodi ya fremu nyingi za uchapaji pale Kariakoo. Mimi mwenyewe nimevichapa vingi na bado navichapa, maana nyuma ya kila kimoja yupo mtu anayependwa. Ila kazi niliyoichagua ni nyingine. Nachora michoro isiyo na sura wala kitu cha kukitaja kwa jina, kwa rangi hafifu tupu: waridi lililopoa, samawati ya alfajiri, zambarau nyepesi, manjano ile ya nyama ya parachichi karibu na kokwa. Nachora kwa chaki za pasteli kwenye karatasi, kisha mchoro unahamia kwenye kikombe cha kauri kwa printa na mashine ya joto. Ni kazi ya miaka kadhaa sasa, na imenifundisha mambo ambayo sikuyapata popote pengine.

Uchapaji nilifundishwa na fundi mmoja wa Kariakoo, mtu mzima aliyeanzia kwenye fulana na kofia za kampeni kabla ya kuingia kwenye vikombe. Nilipomwekea mezani mchoro wangu wa kwanza, aliubeba hadi mlangoni kwenye mwanga, akautazama kwa muda, akaniambia, “Mwanangu, rangi iliyokolea inakusitiri. Hii yako itakuanika.” Karibu kila nilichojifunza tangu hapo kimenirudisha kwenye kauli hiyo.

Wino tunaotumia ni wa sablimesheni. Ukichapwa kwenye karatasi yake unakaa juu juu, umepooza, waridi likionekana kama vumbi la tofali. Ukipata joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, rangi inatoka kwenye hali ya yabisi na kuwa mvuke moja kwa moja, bila kuyeyuka kwanza, na mvuke huo unazama kwenye utando mwembamba wa polima ambao kikombe kilipakwa kiwandani. Kauri yenyewe haiipokei rangi hii. Chukua kikombe cha kawaida cha dukani ukibane kwenye mashine, utapata doa linalotoka kwa kusuguliwa. Ndiyo maana tunanunua vikombe vilivyopakwa tayari, vya ujazo wa wakia 11, kama mililita 325, vinavyokuja kwenye maboksi ya 36.

Kitu kikubwa kwa mchoraji wa rangi hafifu ni kwamba printa hii haina wino mweupe. Chaki ya pasteli ni unga wa rangi uliochanganywa na chaki nyeupe na gundi kidogo, ukafinyangwa kuwa kijiti. Waridi lake ni hafifu kwa sababu weupe umetiwa ndani. Kwenye kikombe mambo yamegeuka: waridi linakuwa hafifu kwa sababu wino umepunguzwa, vitone vikaachana, na weupe wa kikombe ukapenya katikati yao. Kwenye karatasi naongeza, kwenye kikombe naondoa. Mchoro ambao nimeulundika tabaka juu ya tabaka la chaki nyeupe, ukawa na uzito wa kupendeza mkononi, unaweza kufika kwenye kikombe ukiwa mtupu kabisa pale nilipofanya kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo sasa, hata nikiwa bado kwenye karatasi, najua kwamba sehemu nyeupe haitachapwa na mtu. Hiyo sehemu ni kikombe chenyewe.

Na vikombe vyeupe havilingani weupe. Hili wauzaji wananishangaa nalo. Nikifika dukani naomba vitatu kutoka kwenye maboksi tofauti nivitoe nje.

“Dada, vyote vyeupe hivyo, unachagua nini tena?”

“Naomba nivione juani tu, kaka yangu. Nikimaliza nachukua boksi zima.”

Navipanga juu ya karatasi nyeupe barazani. Ndani, chini ya taa ya dukani, vilikuwa pacha. Juani kimoja kina ubluu kwa mbali, kingine kina rangi ya krimu kwa mbali, cha tatu ndicho kilichotulia. Kwa picha ya harusi vyote ni sawa. Kwangu, manjano hafifu kwenye kikombe chenye ubluu inaegemea kijani, na waridi kwenye kile cha krimu linakuwa rangi ya ngozi ya mtu, jambo ambalo sikulichora. Siku hizi yule muuzaji akipokea mzigo mpya ananipigia simu mwenyewe: “Dada, njoo na jua lako.”

Nieleze kikombe kimoja kinavyochapwa, maana hapa ndipo maneno ya fundi yanapoonekana kwa macho. Nakifuta kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Kijinyuzi kimoja kikibaki chini ya karatasi kitaacha kistari cha samawati. Kwenye picha ya harusi kistari hicho kinapotelea kwenye suti ya bwana harusi, lakini kwenye uwanda wa waridi jepesi ndicho kitu cha kwanza ambacho jicho litakikuta. Nazungusha karatasi, uso wa wino ukielekea ndani na mchoro ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, naivuta mpaka ibane bila mkunjo, naishika kwa tepu inayostahimili joto. Nakiingiza kwenye mashine, nafunga. Nyuzi 180, dakika tatu. Hivyo ni kwa mashine yangu, kwa maana kila mashine ina tabia yake, na hata mbili zilizonunuliwa siku moja hazifanani. Harufu ya wino inapanda kidogo. Muda ukitimia nakitoa kwa glavu, nabandua karatasi kwa mvuto mmoja kikiwa bado cha moto, kwa sababu karatasi ikiteleza wakati huo mvuke uliobaki unaacha kivuli pembeni ya kila umbo. Na pale, chini ya karatasi iliyopooza, waridi linatokea likiwa hai. Sijalizoea hilo hadi leo na sitaki kulizoea.

Joto likizidi, ule utando wa polima unaanza kuwa manjano. Kikombe chenye picha iliyokolea hakitaonyesha kitu. Changu kitaonyesha kila kitu: samawati itakuwa kijani, na weupe utakuwa wa karatasi ya zamani. Joto likipungua, rangi zinatoka zimelala na mchoro unaonekana umechoka. Sasa fikiria umeme wa jioni, mtaa mzima umewasha feni, friji na pasi. Taa zinafifia, na namba ya joto kwenye mashine inaanza kushuka huku kikombe kikiwa ndani. Stabilaiza inasaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni ratiba. Vikombe vya sura na vya timu vinachapwa jioni, vya rangi hafifu vinachapwa asubuhi mapema.

Masika yana shida yake. Karatasi inanyonya unyevu wa hewa ya pwani bila wewe kuona, na ikiingia kwenye joto ule unyevu unageuka mvuke unaosukuma rangi ovyo, mabaka yanatokea. Mwezi wa nne naweka karatasi kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kabla ya kuchapa naipitisha karatasi kwenye joto kwa sekunde chache ikauke.

Kuhusu printa nitasema jambo moja tu. Printa ya rangi nne inapata waridi hafifu kwa kutawanya vitone vya magenta, ule wino wa waridi kali, vikiwa vimeachana, na ukisogeza jicho utaona chembechembe. Zipo za rangi sita, kama Epson L805, zenye samawati nyepesi na magenta nyepesi kwenye matangi yake. Kwa anayechapa nembo hiyo ni gharama ya bure. Kwa anayechapa ukungu wa alfajiri hiyo ndiyo kazi yenyewe, mradi aangalie matundu ya wino kila siku kabla ya kuanza, kwani tundu moja likiziba, mstari mweupe unapita katikati ya anga.

Nimekaa sana kwenye ufundi kwa sababu vijana wengi wanaoniandikia wanataka kujua “nitapata wapi dizaini nzuri za pasteli”, wakiamini dizaini ndiyo kazi yote. Wengine wananitumia picha waliyoitoa mtandaoni: “Dada, nichapie kama hii.” Nakataa. Mchoro ule una mwenyewe, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999 inayomlinda mchoraji wa hapa na wa kwingine. Zaidi ya sheria, mchoro ulioufanya mwenyewe unajua ulitoka wapi. Yangu mingi imetoka kwenye kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilizopakwa chokaa ya rangi mwaka baada ya mwaka, halafu chumvi na mvua zikabandua: waridi juu ya njano juu ya samawati, na mipaka ambayo hakuna mkono uliokusudia kuichora. Mingine imetoka Jambiani bahari ikipwa, pale mistari ya vigingi na kamba za mwani inapokatisha maji ambayo si bluu wala si kijani. Sichori ukuta, wala sichori mwani. Nachora zile nafasi na yale makutano ya rangi, basi.

Kikombe kina umbo lake la kuheshimiwa. Eneo la kuchapa ni kama sentimita 20 kwa 9, ukanda mrefu unaozunguka, na hakuna mtu atakayeuona wote kwa mara moja. Kwetu tunashika kikombe kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo anayekunywa anaona upande mmoja daima, aliyekaa mbele yake anaona upande wa pili, na katikati ya mchoro, pale ambapo mchoraji amezoea kuweka kilicho muhimu, panaonwa na aliyekaa kushoto. Nilipolielewa hili niliacha kuchora picha moja na kuikunja. Sasa nachora sehemu tatu zinazopokezana, kila moja ikitosha kusimama peke yake. Anayekunywa nampa utulivu, rangi mbili zinazoachana taratibu, kwa sababu ndiye atakayekitazama kikombe kila asubuhi kabla hajasema na mtu. Wa mbele namwekea mkwaruzo mmoja mzito zaidi, wa kumfanya aulize.

Karibu na mkono wa kikombe na kwenye ukingo wa juu mashine haibani sawasawa, rangi inafifia yenyewe. Wachapaji wa picha wanapigana na hilo. Mimi naanza kuufifisha mchoro mwenyewe kabla haujafika pale, ili mtu asijue rangi imeishia wapi na kikombe kimeanzia wapi. Ndani ya kikombe nabakiza weupe makusudi. Chai ya rangi ikimiminwa, ule wekundu wa kahawia unakuwa rangi moja zaidi kwenye kazi, na zambarau ya nje inabadilika mbele ya macho yako. Chai ya maziwa inafanya jambo jingine kabisa, tulivu zaidi. Kuna vikombe nimevichora nikifikiria chai ya maziwa tu.

Wateja walinifundisha kuvumilia ukimya. Mtu akisimama mezani kwangu kwenye soko la wasanii, maswali huwa mawili: hii ni picha ya nini, na mbona rangi haijakolea. Wala si swali la ujinga. Jicho la mji huu limelelewa na rangi kali. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kupaka enameli zinazong'aa kwenye vipande vya ubao mwaka 1968, hiyo ndiyo sanaa ya Dar ambayo dunia inaijua, na khanga na vitenge vinasema lugha hiyohiyo. Naipenda lugha hiyo. Ila siku moja alisimama mama mmoja, akachukua kikombe bila kuniangalia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hiki kimepauka au ndivyo kilivyo?”

“Ndivyo kilivyo, mama. Kishike, kizungushe.”

Akakizungusha polepole kwa vidole. Nilinyamaza. Akafika kwenye kona ya waridi na kijivu, akasimama hapo. “Huu ni ukuta wa kwa bibi yangu, Pangani. Upande wa uani, pale tulipokuwa tunakoshea vyombo.” Mimi nilikuwa nimechora kutokana na ukuta wa Unguja, ila sikufungua mdomo. Alinunua viwili. Wiki chache baadaye alirudi kutafuta cha tatu, maana mumewe alikuwa amekichukua kimoja na hataki mtu mwingine akinywee. Tangu siku hiyo sielezi mchoro mpaka mtu amalize kukizungusha kikombe. Nikiwahi kusema “hii ni bahari”, nimemnyang'anya mwenzangu ukuta wa bibi yake.

Wapo wanaoniambia rangi hizi ni mambo ya Kizungu, za kwenye mitandao ya Ulaya. Nakubali kwamba waliofika mbali na sanaa ya namna hii wapo huko. Hilma af Klint wa Sweden alichora mwaka 1907 michoro mikubwa kumi, kila mmoja wenye urefu unaozidi mita tatu, yenye waridi, samawati na zambarau zilizopoa, miaka ambayo wengi walikuwa hawajathubutu kuacha maumbo ya kutambulika. Agnes Martin, aliyezaliwa Canada na kuishi miaka mingi New Mexico, Marekani, alipaka kanda za rangi nyepesi kiasi kwamba inabidi usimame mbele yake kwa muda ndipo zijitokeze. Nimejifunza kwao ujasiri wa kuacha nafasi wazi. Lakini kauri yenye rangi hafifu iko pwani yetu tangu zamani. Kilwa, na Gedi kule Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vipande vya vyombo vya China vya kijani kilichopoa. Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi hapa hapa Dar, wazee wetu walipamba makaburi ya mnara kwa kupachika mabakuli ya kauri kutoka China. Walikuwa na uwezo wa kuchagua chochote kilicholetwa na majahazi, na wakachagua vyombo hivyo kuwakumbuka wapendwa wao. Nenda Kunduchi asubuhi utazame yale mashimo ya duara kwenye minara, mahali mabakuli yalipokaa, halafu uniambie rangi hafifu ni ya nani.

Bei yangu ni kubwa kuliko ya kikombe cha bethidei, na naisema bila kupepesa macho. Kinachofidia ni kikombe kudumu, na hapo namtegemea anayekiosha. Kila anayenunua namwambia vilevile: tumia sponji laini, usikiguse na ule waya wa kusugulia masufuria. Waya unakwaruza utando wa polima, na rangi imo ndani ya utando, haimo kwenye kauri. Nembo ya timu ikikwaruzwa bado ni nembo. Ukungu wa samawati ukikwaruzwa unakuwa kikombe kilichokwaruzwa. Wadada wa kazi wamekuwa wateja wangu wazuri baada ya kuwaeleza jambo hili wao wenyewe badala ya kumwachia bosi maagizo. Mmoja alijinunulia chake, anakificha kabatini nyuma ya hotipoti.

Ule utando ndio mpaka wa sablimesheni, na ndio unaonifanya nianze kuulizia tanuri. Ipo njia ya kuchapa mchoro kwenye karatasi maalumu kwa rangi za madini, kuulaza juu ya kauri na kuuchoma kwa nyuzi 800 hivi, mpaka rangi ishikane na gilasi ya kikombe chenyewe, yaani ule utando wa kioo unaoifunika kauri. Hapo waya wa masufuria hauna nguvu kubwa tena. Ugumu uko kwenye waridi, maana rangi nyingi haziwezi kustahimili moto ule. Wachina wa karne ya 18 walipata waridi lao la vyombo kwa kutumia chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana, na hadi leo waridi ni kati ya rangi za gharama kwa wafinyanzi. Nimepata mfinyanzi mwenye tanuri la umeme aliyekubali nipeleke vigae vidogo vya majaribio. Nitaanza na kijani na samawati, ambazo zina nafuu, na waridi nitaliacha liwe la mwisho, nikishajua tanuri lake lina tabia gani.